Gari la Vibao

Bi Ashcraft alimbandika Verlene Stidham utepe wa rangi ya waridi kifuani upande wa kushoto, upande ule ule wenye uvimbe, na pini ikapita karibu na ngozi. Verlene akajikaza asirudi nyuma. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa magari wa kanisa la Wabaptisti, na watu walikuwa wakiendelea kuteremka kutoka milimani na malori yao. Akina mama wa kanisa walikuwa wamepanga kuku wa kukaanga na mikate ya mahindi mezani. Kando ya ngazi za kanisa lilisimama gari la kupimia saratani ya matiti, refu, jeupe, na utepe mkubwa wa waridi ubavuni.

Gari lile lilinunuliwa kwa fedha za vibao vya magari. Dereva anaposajili gari lake, akitoa nyongeza kidogo hupewa kibao cha namba chenye utepe wa waridi, na ile nyongeza huingia kwenye chama cha hisani anachokiongoza Bi Ashcraft. Hata Denver, mume wa Verlene, aliyeyaacha mapafu yake kwenye mgodi wa makaa, alifunga kimoja kwenye lori lao bovu. Watu wa milima hii ndivyo walivyo. Hawana mbele wala nyuma, lakini mgonjwa akitajwa kanisani kila mtu anatia mkono mfukoni.

Mwaka jana mchungaji aliwahimiza wanawake wote waingie wapimwe, na Verlene akaingia. Ni bure, liko kanisani, na anayekataa ataonekana anaringa. Gari likamgundua kuwa ana saratani. Basi akapiga simu ofisi ya msaada wa matibabu, maana bima hakuwa nayo, na binti aliyepokea akamuuliza swali moja tu.

"Ulipimwa na nani, mama?"

"Na lile gari la vibao."

"Hapo tumekwama. Serikali inamtibu aliyegunduliwa kwenye zahanati ya serikali. Ungeanzia kwetu, tungekuchukua."

Verlene akasema basi nakuja sasa hivi, nipimeni. Binti, kwa sauti ya huruma, akamweleza kwamba mtu aliyekwisha kugunduliwa hawezi kugunduliwa tena. Zahanati yenyewe iko jirani na duka ambako Verlene hukaanga viazi. Alikuwa akiipita kila siku akienda kazini, na sasa akiipita anatamani kuipiga mawe.

Bi Ashcraft alimfuata Verlene aje azungumze leo kwa sababu vibao vilikuwa vinakufa. Wasipopatikana watu wa kutosha wa kuviomba kabla ya mwezi kwisha, jimbo litaacha kuvichapa. Chama kilihitaji uso wa mtu, mtu wa hapa hapa.

"Mume wangu anacheza gofu na daktari mmoja wa upasuaji," Bi Ashcraft alisema, akiunyoosha utepe kwa vidole viwili. "Siahidi kitu, mpenzi. Lakini leo ikienda vizuri nitamgusia habari yako."

"Utamgusia lini?"

"Tumalize ya leo kwanza."

Verlene akauliza kama chama chenyewe hakiwezi kumsaidia. Akajibiwa kwamba mikono yao imefungwa, fedha za vibao kisheria ni za kugundua, kutibu ni kazi ya wengine. Akauliza tena, taratibu, kama anaruhusiwa kuwaambia wanawake wasio na bima waanzie zahanati.

Vidole vya Bi Ashcraft vikasimama. "Ukiwaambia hivyo nani atapanda gari? Nani atataka kibao? Wewe waambie tu jinsi lilivyokuokoa."

"Halijaniokoa."

"Limekugundua." Bi Ashcraft alitabasamu na kumpa kipaza sauti. "Watu hawakuja kusikiliza sheria, mpenzi."

Verlene akasema. Alisema gari lilimkuta na uvimbe ambao hata yeye hakuujua, akasema anamshukuru Mungu na kila mwenye kibao. Kila neno lilikuwa la kweli, na alijichukia kwa kila neno. Wanaume wakafuta macho kwa mikono ya mashati. Wakapanga foleni kuomba vibao, na wake zao wakapanga foleni kupanda gari.

Twyla Combs ndiye aliyemjia pembeni. Wanakaanga viazi pamoja, bima hana, ana watoto watatu na mume alishatoroka.

"Shoga," alinong'ona, "mwenzio nimepapasa kitu kigumu kwapani. Nimeogopa hata kukutajia. Niingie humu?"

Jumatatu zahanati ingefunguliwa. Ni kusubiri kesho tu ipite, basi. Maneno yalikuwa yamemfika Verlene kooni, na angeyasema, ila Bi Ashcraft alikuwa hatua chache tu kutoka pale, simu sikioni, akicheka na mtu, na huku anacheka alikuwa akimtazama yeye. Labda ni mumewe. Labda ni daktari. Verlene alitaka kuishi. Aliutaka uhai kwa tamaa iliyomtia aibu, mchana kweupe, mbele ya kanisa.

"Verlene? Niingie au nisiingie?"

"Ingia," Verlene akasema. "Hawatozi kitu."

Twyla akashusha pumzi, akamkumbatia kwa uangalifu asimtoneshe, akampa mkoba wake amshikie. Akapanda. Akina mama kwenye meza ya kuku wakampigia makofi, na nesi akafunga mlango.