Mstari wa Chaki

Sipendi kufungiwa duka nikiwa bado nachagua. Kwa hiyo Mama Liang, anayeniuzia viatu huku ugenini, soko la Zhanxi, alipoanza kushusha geti saa sita na nusu mchana, nilifoka: "Kwani kuna msiba?"

Alicheka. Akanipa bakuli la vitonge vya unga wa mchele kwenye maji matamu ya tangawizi, kisha akachora mstari wa chaki sakafuni, pale jua la mlangoni lilipoishia. Leo ni siku fupi kuliko zote, alisema, kila familia inakula pamoja. Kuanzia kesho jua linarudi nyuma na siku zinarefuka.

Siku zirefuke? Kwetu Bukoba jua halina mchezo huo.

Kesho yake, saa ileile, nilikwenda kuhakikisha. Jua liko palepale. Keshokutwa yake, palepale. Nikamwita mwongo, na bado nikaendelea kwenda.

Siku ya mwaka mpya nikainama: mwanga umeuacha mstari kwa vidole viwili!

Nikakimbilia simu kumweleza baba kule Bukoba, ambaye hajaniona miaka mingi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe jua limeshageuza," akasema. "Na wewe, Odilia?"