Ushahidi wa Blasio ndani ya Kontena

Raihana, muuza vitenge wa Kasese, aliibana kompyuta kifuani mpaka Bwera kama kitu cha wizi. Hakuthubutu kuiwasha. Shirika lililompa ili arekodi sauti za wazee lilikuwa limemwandikia: mradi umekwisha, kila mashine itajifuta ikishika tu mtandao. Na ndani mlikuwa na sauti ya marehemu Blasio wa Kisinga akitaja mipaka ya shamba lake. Jumatatu mjane wake, Vasta, angesimama mbele ya baraza la ardhi bila shahidi mwingine.

Dukani Bwera, fundi Kakule aliigeuza, akacheka bila furaha.

"Hajati, nilikuambia mwaka ule. Nilikuwa nayo ile kompyuta nene, diski inatoka na bisibisi moja, unaweka programu unataka. Ukasema inafanana tofali, ukachukua hii ya shirika."

"Nitukane baadaye. Toa sauti."

"Nitoe wapi? Diski bale ba kiwanda balichomelea kwa bodi. Flashi inakataa. Nikiweka mfumo wangu, chipu inauliza nani alinituma. Hata laini ya simu iko ndani, haitoke; ukiwasha tu inashika mtandao. Weye uko na kava tu. Mashine iko ya bale ba shirika."

Duka lake lilikuwa kontena la chuma. Wakafunga mlango, humo ndani mtandao haukufika. Kakule akaiwasha, akasogeza simu yake karibu na spika irekodi.

"Jiwe ya kwanza iko kwa mufereji," alisema Blasio, polepole, kama mtu mwenye siku nyingi mbele.

Kwenye jiwe la tatu mteja mmoja akauvuta mlango kutoka nje.

"Kakule! Unajifungia na nani? Leta redio yangu, mwizi weye!"

Raihana akaning'inia kwenye komeo. Hata kusema "ngoja" hakuweza. Sauti yake ingeingia kwenye rekodi. Mwanga ukapenya kama uzi. Kwenye kioo cha kompyuta alama ya mtandao ikapepesa. Akaweka mguu ukutani, akavuta kwa uzito wake wote. Alama ikazimika.

"Jiwe ya ine iko kwa kaburi ya baba. Basi, nimesema."

Kakule akazima mashine, akacheza rekodi ya simu. Mawe manne, na katikati yake: mwizi weye!

Raihana akaliachia komeo. "Wakisema tumetengeneza? Wakitaka kusikia ile ya asili?"

Kakule akatazama kuta za chuma. "Basi baraza yote ije humu."

Raihana hakucheka. Alikuwa akilitazama lile komeo, limeshapinda; halingefunga tena.