Salamu za Mama Ida

Protasi alisema uongo mmoja tu wa kustahili kuitwa uongo, na aliusema kwenye redio ya upepo, saa moja asubuhi, vituo sita vikisikiliza. Msimhukumu haraka. Hata ninyi mngeusema.

Alikuwa opereta wa redio kwenye ghala la ushirika, Mbamba Bay. Kazi yenyewe ilikuwa kutoa taarifa: mifuko mingapi ya mbolea imeshuka melini, lori gani limekwama mlimani. Lakini nani anaanza na mbolea? Kwanza salamu. Kituo cha Ukata, huko juu kwenye kahawa, kilikuwa na Raimundi, Mmatengo mwenye sauti nzito na maneno mengi. Hawa wawili hawakuwahi kuonana hata kwa picha.

"Mbamba Bay, mla usipa, umeamkaje? Ova."

"Nimeamka salama, mchimba mashimo. Ova."

Usipa ni dagaa wetu wa ziwani, na mashimo ni zile ngolo ambazo Wamatengo hulimia mahindi kwenye miteremko. Utani wao ulikuwa huohuo kila siku iendayo kwa Mungu, wala haukuwachosha. Kisha Raimundi aliuliza, "Mama Ida hajambo?" na Protasi akajibu, "Hajambo, anakusalimu."

Mama Ida ndiye Vitalia, mke wa Protasi. Siku moja ya mwaka themanini na nane alifunga nguo zake kwenye khanga, akamshika mtoto mkono, akasimama mlangoni mwa ofisi.

"Yule mtu wa Ukata unamsalimia kila siku kabla hujanisalimia mimi," alisema. "Basi kaishi naye."

Protasi alikuwa na maikrofoni mkononi. Akamwonyesha kidole: subiri kidogo, namalizia hesabu ya mifuko. Alipomaliza, gari la Mbinga lilikuwa limeshaanza kupanda mlima.

Kesho yake, saa moja, Raimundi akauliza kama kawaida. "Mama Ida hajambo?"

Sasa, jamani, salamu ina jibu lake. Ukiulizwa wa nyumbani hawajambo, unasema hawajambo, hata kama mmoja yuko kitandani anahema. Habari mbaya hufuata baadaye, taratibu, baada ya "ila". Protasi akasema, "Hajambo." Akaitafuta ile "ila", asiipate. Vituo sita vinasikiliza! Akaishia kusema, "Anakusalimu." Akasema hivyo kesho, na keshokutwa, na miaka minane mizima. Vitalia wa redioni aliugua malaria akapona, akalima bustani ya mchicha, akamlea Ida mpaka darasa la saba. Vitalia wa kweli hakuandika hata barua moja.

Ndiyo sababu Protasi hakukanyaga Ukata, ingawa si mbali kiasi hicho. Uso umeumbwa na haya. Angeenda, angeulizwa mbona umekuja peke yako. Raimundi naye angetaka kurudisha ugeni, aje akute mafiga yenye majivu ya juzi na kitanda kimelaliwa upande mmoja.

Kisha likaja soko huria. Ushirika ukayumba, na mwaka tisini na sita ghala likachukuliwa na kampuni ya wanunuzi binafsi. Mtaalamu wao akaja na kompyuta, akafuta programu ya redio, akaingiza yao. Tangu hapo redio ikasikia vituo vya kampuni tu, na ukigusa kubadili chaneli inadai namba ya siri. Kituo cha Ukata kampuni haikukinunua. Raimundi akabaki na redio yake vilevile, kwenye masafa ya zamani ambayo Mbamba Bay haikuweza tena kuyafikia. Misimu miwili baadaye bei ya kahawa ikaanguka, kampuni ikaondoka bila kuaga. Meneja alimwambia Protasi, "Chukua hiyo redio, mzee. Ni chuma tu."

Akaishi na chuma hicho mwaka mzima. Mchana alikaa kwenye baraza la ghala tupu, watu wakipita na kumtupia shikamoo bila kusimama. Hakuna aliyemuuliza Mama Ida hajambo, maana mji mzima ulijua. Akagundua jambo la aibu: hata ule uongo alikuwa ameukumbuka. Upweke ulimla taratibu. Akaona lipo jambo moja tu analotaka kabla hajafa, kumwambia Raimundi ukweli, na kumwambia kwa redio, mahali ambapo hana uso. Barua hapana. Barua husomwa mara mbili, tena husomwa na jirani.

Basi akaifunga redio kwenye blanketi, akapanda nayo hadi Mbinga kwa Sista Kunigunda, msimamizi wa karakana ya misheni.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Mzee Protasi, unabeba mtoto gani huyo?"

Akaifunua. Sista akaifungua kwa bisibisi, akaichungulia, akacheka. "Nani kakuambia imekufa? Nzima kabisa hii! Imelishwa programu ya watu wengine, basi. Tunaifuta, tunairudishia ile iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Redio zetu za misheni ni za aina hiihii, disketi ninayo." Kisha uso wake ukabadilika. "Ila umeme ukikatika katikati, hapo ndipo itakufa kweli, na mimi sitaweza kuifufua. Sali."

Akaunganisha waya kutoka kwenye kompyuta. Namba zikaanza kupanda kwenye kioo, polepole, kwa mwendo wa kinyonga. Zilipofika sitini na mbili jenereta likakohoa, taa zikafifia. Protasi akashika meza kwa mikono miwili, utadhani meza ndiyo inayozalisha umeme. Jenereta likakohoa tena, likakaza. Sabini. Themanini na tano. Mia.

"Haya, washa."

Ikawaka. Chaneli zote za ushirika zilikuwamo, na haikudai namba yoyote ya siri. Protasi akageukia ukutani.

"Mzee, unalilia redio?"

"Vumbi, Sista."

"Hm. Na huko kwenye chaneli za ushirika yupo nani siku hizi? Vituo vimefungwa vyote."

"Sijui," alisema Protasi, na kweli hakujua.

Aliporudi Mbamba Bay alitandaza waya wa antena kutoka paa la ghala hadi kwenye nguzo, akaunga betri ya lori. Saa moja asubuhi akaita. "Ukata, Ukata, hapa Mbamba Bay. Ova." Akasikia mvumo wa hewa tu. Kesho akaita tena. Siku ya nne akaita huku anajiona mjinga, siku ya saba akaita kwa hasira, siku ya tisa akaita kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya saa moja asubuhi.

"Mbamba Bay! Mla usipa! Uko hai?"

Protasi akaangusha kikombe cha chai. "Niko hai, mchimba mashimo. Ova."

"Miaka mitatu, bwana! Mimi nawasha kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, wenzangu wananicheka. Haya, niambie. Mama Ida hajambo? Ova."

Hapo ndipo palipomshinda miaka yote hiyo. Safari hii hakikuwapo kituo kingine kinachosikiliza. Akafumba macho.

"Raimundi, Mama Ida hayupo. Aliondoka mwaka themanini na nane. Nilikudanganya. Nisamehe, ndugu yangu. Ova."

Akaachia kitufe ili asikie jibu.

"Najua," Raimundi akasema. Utani wote ulikuwa umemtoka. "Alikuja hapa Ukata, mwezi uleule alioondoka. Alisema anataka kuuona uso wa mtu anayesalimiwa kabla yake. Akakaa na mke wangu siku mbili. Akaniapisha nisikuambie kitu. Alisema, 'Siku Protasi atakapokuambia kwa kinywa chake kwamba nimeondoka, nipelekee habari Songea, nitarudi.' Ndiyo maana nilikuwa nakuuliza, Protasi. Kila asubuhi nilikuuliza. Alisubiri miaka minne, kisha akaacha kuulizia. Sasa ameolewa, ana nyumba nyingine. Ova."

Protasi akabonyeza kitufe ili ajibu. Kilichotoka ni kilio, kile cha mtu mzima ambacho hakina adabu wala mpangilio, na kidole chake kikabaki palepale kimebonyeza. Ukishikilia kitufe kile unasikika wewe tu, mwenyewe husikii kitu. Raimundi hakuweza kumkatiza wala kumpa pole. Alikisikia chote, mpaka mwisho, na Protasi hakujua kama yupo mtu anayemsikiliza.