Mwalimu wa Siku ya Ukaguzi

Umeme ulikatika katikati ya somo, na Mwalimu Waya hakusubiri hata watu wagune.

"Njooni mbele," aliwaambia wanafunzi. "Leo kompyuta ni nyinyi."

Wakajipanga ubaoni, warefu kwa wafupi, ovyo ovyo kama nguo kwenye kamba. Alikuwa anawaonyesha jinsi programu inavyopanga namba. Unamwangalia jirani yako wa kulia. Akiwa mfupi kuliko wewe, mnabadilishana nafasi. Halafu unamwangalia anayefuata. Unaendelea hivyo hivyo mpaka mtu asiwe na wa kubadilishana naye.

"Mwalimu, huyu amevaa visigino!"

"Kompyuta haijui visigino. Badilishaneni."

Wakacheka, wakakanyagana, vumbi la chaki likapanda. Maabara ilijaa mashine, lakini ukitaka ya kuwaka ulipaswa kuwa na bahati, na ukitaka ya kuwaka haraka ulipaswa kwenda chuo kingine. Wanafunzi walimwita Waya kwa sababu ya mkoba wake. Humo ndani kulikuwa na waya wa projekta, waya wa kurefusha umeme, na utepe wa kuunganisha pale panapochunika. Projekta ilikuwa ya chuo. Nyaya zilikuwa zake.

Alikuwa mwalimu wa muda. Alilipwa saa za kusimama darasani tu. Kutunga mtihani, kusahihisha, kumtuliza mwanafunzi anayelia kwa sababu programu yake imegoma, hayo yote yalikuwa sadaka. Alisahihishia ngazini, karatasi akizikandamiza kwa kiatu zisipeperuke. Shahada ya uzamivu anayo. Mara mbili nafasi ya kudumu ilitangazwa, mara mbili aliitwa kwenye usaili, na mara zote jopo lilitabasamu mpaka akaona meno ya mwisho. Halafu akaajiriwa mtu ambaye hakuonekana hata kwenye foleni.

Siku hiyo ya kukatika umeme, Mkuu wa Idara alisimama mlangoni akipiga makofi. Hakuwa mtu wa kufika madarasani. Wanafunzi wakanyamaza kama waliofumaniwa.

"Safi sana! Huu ndio ubunifu ninaousema kila siku," alisema, ingawa hakuna aliyewahi kumsikia akiusema. Akamvuta Waya pembeni. "Dada yangu, tume ya vyuo inakuja kutukagua wiki ijayo."

"Nimesikia, Mkuu."

"Sasa, wanataka walimu wa kudumu wenye uzamivu. Tumepungukiwa mmoja. Nikawaambia wenzangu, tunahangaika nini na watu wa nje, na dada yetu yupo hapa hapa anakula chaki?"

Waya alifuta vidole kwenye sketi. "Ina maana naajiriwa?"

"Kwani mimi naongea lugha gani? Umeshaingia. Barua itafuata. Unaijua masijala yetu, karatasi zinatembea kwa magoti."

"Na usaili?"

"Usaili wa nini, na tunakujua?"

Jioni hiyo Waya alimkuta mama yake ameketi mbele ya cherehani, mikono mapajani. Mama alikuwa fundi nguo. Macho yake mawili yalikuwa yameota utando, kwanza moja, kisha jingine, mpaka akawa anashona kwa kupapasa, na mwisho akashona kidole. Daktari alisema ni mtoto wa jicho tu, operesheni ya kawaida, mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Alisema "tu" kama mtu mwenye bima. Walimu wa kudumu walikuwa na bima, na iliwagharamia hata wazazi wao.

"Mama, wameniajiri."

"Wa kudumu?"

"Wa kudumu."

Mama alipiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kulikoni.

"Mama, usimwambie mtu kwanza. Barua bado."

"Mimi? Nimwambie nani mimi?" Kabla ya giza kuingia, hata muuza mkaa alikuwa ameshatoa hongera.

Asubuhi ya ukaguzi, Waya alionyeshwa ofisi yake. Ilikuwa stoo ya skrini mbovu. Skrini zilihamishiwa choo cha wanaume, mlango ukafungwa kwa kufuli, na wanaume wote wa idara wakaelekezwa jengo la sheria. Mhudumu wa samani, ambaye kila mtu alimwita Injinia, alikuwa anavuta meza huku anatweta.

"Kiti hiki cha mkuu wa fedha," alimwambia Waya. "Ukikalie kistaarabu, usikizungushe. Vitabu vya maktaba. Pazia la ukumbini."

Mlangoni palikuwa na kibao chenye jina lake. Ilikuwa karatasi tu, imepakwa plastiki, lakini alikipapasa kwa kidole. Juu ya meza palikuwa na picha ndani ya fremu: mvulana na msichana wamevaa majoho ya shule ya awali.

"Injinia, hawa watoto wa nani?"

"Wa mhasibu. Mkuu kasema ofisi bila picha inaonekana ya jana."

"Mimi sina watoto."

"Leo unao. Tena wamehitimu."

Waya alicheka. Alikaa kwenye kiti, akajaribu kukizungusha kidogo Injinia alipogeuka, kikatoa mlio, akaacha.

Tume ilifika na magari meupe. Mkuu aliwapitisha wageni upesi upesi kama mtu anayeonyesha nyumba yenye ufa nyuma ya kabati, kisha akawaita chai. Mzee mmoja, kiongozi wao, alisema chai amekatazwa na daktari. Akabaki. Akaingia kwa Waya na kufunga mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu." Aliketi, akavuta droo ya meza. Ilikuwa tupu, hata pini hamna. "Msafi sana wewe."

"Napenda usafi."

"Hawa wanao?"

Waya aliitazama picha. "Ndiyo."

"Huyu wa kike kakuchukua macho." Mzee alirudisha droo polepole. Alimuuliza anafundisha nini. Waya akamweleza, na alipofika kwenye habari za wanafunzi kujipanga ubaoni sauti ikamtoka yenyewe, mikono ikawa inaruka, na mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. Kisha akavua miwani.

"Mwalimu, na mimi nimekula chaki. Nakuuliza kama mwenzangu. Hapa umeajiriwa, au umekalishwa?"

Nje dirishani wanafunzi walikuwa wanabishana kwa furaha nani alikuwa mfupi kuliko nani. Akisema amekalishwa, idara inafungwa, na wale watatafuta pa kwenda. Akisema amekalishwa, hakuna tena wa kumwandikia barua. Mkuu alishasema ameshaingia. Mama alishapiga kigelegele.

"Nimeajiriwa, mzee."

Mzee akavaa miwani na kugusa tableti yake. "Haya. Tume imekusajili hapa. Mwalimu mmoja, chuo kimoja. Huwezi kuhesabika kwingine."

"Naelewa."

Aliifahamu kanuni hiyo vizuri. Alikuwa akiifundisha: katika mfumo wowote wenye akili, mtu mmoja ana rekodi moja, na anayejaribu kuingia mara ya pili anakataliwa mlangoni.

Kesho yake alifika mapema na mkoba wake. Injinia alikuwa anatoka ofisini, kiti kimekaa kichwani kwake kama kofia.

"Usinitazame hivyo, dada. Mwenyewe anakidai."

Skrini mbovu zilikuwa zimesharudi. Moja ilikuwa imekaa palepale alipokaa yeye.

Mkuu alimpokea kwa kumkumbatia. "Tumepita! Kibali cha miaka mitano! Na ni wewe, mzee kakusifu sana."

"Nashukuru. Nimekuja kuulizia barua."

"Barua ipo njiani. Ila uwe mwelewa, mwalimu. Ajira ni bajeti. Bajeti ikifunguka, wewe wa kwanza."

"Itafunguka lini?"

"Kwani tume inarudi lini?" Mkuu akacheka, akamshika bega, akamsindikiza mpaka ngazini kwake.

Miezi ikapita, Waya akiendelea kulipwa kwa saa. Mama akaacha kuulizia bima. Akawa anauliza tu kama kumekucha.

Ndipo chuo cha upande wa pili wa mji kikamwita kwenye usaili. Safari hii jopo halikutabasamu. Lilimhoji mpaka akatoka jasho, likamtaka afundishe somo la mfano. Akawasimamisha wanajopo wote ubaoni wakabadilishana nafasi, mtu mzima na kitambi chake. Walipomaliza wakamwambia waziwazi: tunakutaka wewe. Akapelekwa kwa ofisa ajira, dada mmoja mchangamfu, akaingizwe kwenye mfumo.

Dada aliandika, akasubiri. Akaandika tena.

"Mwalimu, wewe si wa kudumu kule?"

"Hapana. Wa muda."

"Tume inasema wa kudumu."

"Tume imedanganywa."

Dada aliacha kuandika. "Na nani?"

Waya akaanza kufunga mkoba wake. Feni ilikuwa inazunguka.

"Mimi sina neno na wewe," dada alisema kwa upole. "Mfumo hauniruhusu, ndiyo hivyo tu. Lete barua kwamba wamekuachisha, tukuingize. Mpaka Ijumaa nafasi ni yako. Baada ya hapo watamwita anayefuata."

Mkuu alisikiliza habari hiyo yote huku anachokonoa meno.

"Nikuachishe kazi? Dada yangu, nitakuachishaje kazi ambayo sijakuajiri?"

"Basi waambie tume kwamba hukuniajiri."

Mkuu aliinuka, akafunga mlango. Aliporudi sauti ilikuwa laini zaidi. "Nani alimwambia mzee kwamba ameajiriwa? Mimi nilikuwa nakunywa chai. Kusema uongo mbele ya tume, unajua kunaitwaje? Unajua wanavyowafanya watu wenye shahada kama yako?" Akamsogezea kisanduku cha tishu. "Mimi nakulinda. Rudi darasani, mwanangu. Watoto wanakupenda."

Usiku Waya alimweleza mama kila kitu, hata watoto wa mhasibu. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Nipeleke kwake mimi."

"Mama, huyo hasikii."

"Hajaongea na mzazi. Mtu mzima hamkatalii mzazi aliyesimama mbele yake. Nipeleke."

Ijumaa walikwenda. Mama alivaa gauni alilolishona enzi za macho yake, njia nzima midomo inamcheza, anafanya mazoezi ya maneno. Getini mlinzi alisimama.

"Mwalimu Waya, wewe pita. Bibi siwezi kumruhusu. Mgeni anapokelewa na mtumishi mwenye kitambulisho."

"Mimi ndiye ninayempokea."

"Kitambulisho unacho?" Alimuuliza akitazama chini, maana jibu alilijua.

Waya alimpigia Mkuu. Simu ikaita mpaka ikachoka. Gari lake lilionekana kule ndani, kivulini, dereva anafuta kioo. Upepo ulikuwa unapiga bango jipya lililofungwa kwenye uzio, refu kama ukuta.

"Kinachopiga kelele ni nini?" mama aliuliza.

"Tangazo la chuo, bibi," mlinzi akasema, akafurahi kupata la kusema. "Hata mwanao wamemweka. Picha kubwa, kakaa kwenye kiti. Wameandika wahadhiri wetu wa kudumu."

"Yuko wapi?"

Mama alinyoosha mkono akalipata turubai. Akalipapasa taratibu, juu, chini, pembeni. "Mbona kote ni laini tu?"

Honi ikalia kwa ndani. Mlinzi akakimbia kufungua geti, akapiga saluti, na Waya akamvuta mama wakabanana na uzio ili gari la Mkuu lipite. Vioo vilikuwa vimepandishwa. Halikupunguza mwendo.

"Ni yeye?" mama alinong'ona.

Waya alikuwa analitazama gari likiingia barabara kuu. Mama akajiweka sawa kitambaa cha kichwani, akageuza uso kule alikodhani gari limesimama, yaani kwenye bango, na kiganja chake bado kikiwa juu ya turubai.

"Baba, samahani kwa kukusimamisha," alianza, kwa sauti aliyoifanyia mazoezi. "Mimi ndiye mzazi wake."

Akanyamaza kidogo, kwa adabu, kumpa nafasi aitikie.