Nyumba ya Mlango Mmoja

Zaina alikaa kizingitini tangu asubuhi, mgongo kwenye mwimo mmoja na nyayo kwenye mwimo wa pili, na aliyetaka kuingia ilimpasa amguse. Kumgusa ndiko walikokuogopa. Vijana wale wa Simba, waasi wenye majani kichwani, mikuki mingi na bunduki chache, walikuwa wamechanjwa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na dawa ile ilikuwa na miiko yake. Mkubwa kuliko yote ulikuwa kuguswa na mwanamke. Wangempiga risasi? Damu ya mwanamke ikishamwagika kizingitini, nani kati yao angeivuka? Basi wakakaa uani, kwenye kivuli cha jiko, wakimtazama.

Ndani alikuwemo mdogo wake Feruzi, karani wa ofisi ya mtaa. Simba walipouteka mji wa Kisangani, ule Agosti wa mwaka sitini na nne, waliwasaka makarani kabla ya kuwasaka askari. Wenzake walikimbilia msituni. Yeye alisema serikali itarudi kabla ya Jumapili, akabaki na redio yake. Madirisha alikuwa ameyatia nondo mwenyewe, na mlango ameweka mmoja tu, akiogopa wezi. Hongera zake! Wezi hawakuingia, na mwenye nyumba sasa hana pa kutokea.

"Mama Zaina," akaita Célestin, aliyekuwa mkubwa wa wale vijana. Zaina alimjua tangu akija sokoni kutoka Yanonge na mama yake, wakiuza samaki wa kukausha. "Toka mu mulango. Siye hatuna maneno na wewe. Tunamutaka ye tu, aende kujibu mbele ya batu."

"Na wale mulipeleka jana, walijibu nini?"

Wa jana hawakurudi, na mtaa mzima ulijua.

"Yaya," Feruzi akamnong'oneza dada yake kutoka nyuma, "usitoke."

"Sitoki. Nyamaza."

Jua likapanda. Haja ndogo ilimbana mpaka akashindwa, ikamlowesha pale pale alipoketi, mtu mzima na adabu zake. Aliona aibu, akamkasirikia Feruzi kuliko alivyowakasirikia wenye mikuki. Kwa sababu Zaina alijua. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo ile aliivaa.

Uhuru ulipokuja, ofisi ilitangaza kwamba mtaa utapata maternité, nyumba ya kuzalia, ili mwanamke mwenye uchungu asivuke mji mzima kutafuta hospitali. Kazi ilikuwa ya akina mama. Wakachimba udongo, wakabeba maji kichwani, wakafyatua matofali na kuyachoma kiangazi kizima, Zaina akiwa mmoja wao. Feruzi alipanda juu ya sanduku, na tai yake shingoni, akawashukuru mpaka wakapiga vigelegele. Kisha lori likaja, likayachukua matofali "yakatunzwe". Mengine yakawa baraza ya mkubwa wake wa kazi. Mengine yakawa nyumba hii. Zaina alipomuuliza, Feruzi alicheka: "Yaya, mla ni mla leo. Mla jana kala nini?" Zaina naye akacheka. Mvua zilipoanza na paa lake likavuja, alihamia humu, akalala pakavu.

"Kwetu Yanonge walituahidi dispensaire," Célestin alisema, kama aliyesikia anachowaza. "Tulikata miti, tukajenga. Munganga hakufika. Alifika mutu wa impôt, wa kudai kodi. Alipokuja wa pili tukamufukuza, wakatuma askari. Bon, ungekuwa mimi, ungeshika nini?"

Ilikuwa kweli, na ukweli wa mtu aliyekuja kumuua ndugu yako unachoma mara mbili.

Ndipo wazo likamjia. Mwanamke mmoja ameuziba mlango. Je, wakiwa mtaa mzima? Wakiizunguka nyumba, vijana hawa wangekaa mpaka wachoke. Akapaza sauti kupita ua: "Akina mama! Njooni tukae! Wakituona wengi hawatapita!"

Wakaja. Vijana wakaruka kando kuwapisha, wakikunja mikono wasiguswe, na Zaina alifurahi hata akacheka kwa sauti. Mbele alikuwa Clémence, jirani yake, aliyebeba naye udongo kiangazi kile. Mwaka uliopita binti yake Adèle alishikwa na uchungu wa kuzaa, akapakiwa kwenye mkokoteni kupelekwa hospitali, na hakufika. Zaina mwenyewe alisaidia kumwosha.

"Kaa hapa," Zaina akamwambia, akimpisha nafasi.

Clémence hakukaa. Alichuchumaa, wakawa uso kwa uso. "Zaina, Adèle alikufia wapi?"

"Usiniulize ile leo."

"Alikufia wapi?"

"Mu njia."

"Mu njia. Donc uniambie, ndugu yangu. Hapa mu mulango, mimi nikae nachunga nini?"

"Ni mudogo wangu," Zaina alisema. "Tulinyonya ziwa moja."

"Najua," Clémence alisema, machozi yakimtiririka. "Na Adèle alinyonya langu."

Kisha wakamshika. Wao hawakuwa na mwiko wowote. Walimwinua kama anavyoinuliwa mfiwa, mmoja kwapani, mmoja kiunoni, na mwingine akamfunga kitenge chake palipolowa ili vijana wasimwone. Zaina alipiga mateke. Aliuma mkono, na mkono ule haukujivuta. Aliwachukia wote, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumwambia kwamba anakosea.

"Yaya?" Feruzi aliita kutoka gizani. "Yaya, uko wapi?"

Wakamlaza mkekani katikati ya ua, wakaketi wakimzunguka, Clémence akakipakata kichwa chake mapajani. Célestin na wenzake wakaanza kusogea mlangoni. Wanawake wakavua vilemba, wakaanza kumlilia Zaina msiba wa mdogo wake, na Feruzi alikuwa bado hai mle ndani, anaita.