Mluzi wa Mjomba Twalib

Twalib hakuwa mtu mbaya, ila sifa zilimlevya. Alipofunga chujio jipya la hewa kwenye kenta yake ya dizeli, linalong'aa kama sufuria ya harusi, Gongo la Mboto nzima ilijua. Kila akikanyaga mafuta, tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, ilipiga mluzi hadi watu wakageuka.

"Sasa inapumua," aliwaambia wenzake kijiweni. "Mlima wa Pugu naupanda huku nanywa kahawa."

Uongo mtupu. Chujio la zamani lilikaa ndani ya kasha, lenye bomba refu la kuchota hewa ya juu, safi na baridi. Hili jipya lilikaa wazi kando ya injini, likinyonya joto na vumbi. Mluzi uliongezeka, nguvu ikapungua, moshi ukawa mweusi. Twalib aliyaona yote akanyamaza, maana kijiweni angerudi na uso gani? Mkewe Mwamvita alilichukua lile kasha akamwekea kuku atagie.

Ndipo ikaja harusi ya Raudha, binti wa dada yake. Vyombo vya bi harusi vilitakiwa kupelekwa Pugu kwa wakwe, mchana kweupe, kwa matarumbeta. Baba yake alitaka kukodi gari, Raudha akakataa katakata.

"Gari la kukodi la nini wakati mjomba ninaye? Vyombo vyangu atavipeleka yeye."

Hapo Twalib angeweza kusema kweli. Gereji ilikuwa jirani, na kasha lilikuwa pale pale bandani. Badala yake akacheka, akasema wakwe watausikia mluzi kabla hawajaliona gari.

Siku ilipofika wakapakia kitanda, kabati, na godoro jeupe lililovuliwa nailoni makusudi ili watu walione. Wanawake wakapanda na kanga zao za sare. Pikapu ya matarumbeta ikatangulia.

Mlimani kenta ikaanza kukohoa. Twalib akakanyaga, mluzi ukapanda, gari halikupanda. Moshi mweusi ukawafunika wanawake na godoro lao, kisha injini ikazima. Wapiga matarumbeta hawakugeuka hata kuangalia nyuma. Wakaenda zao kutangaza vyombo visivyokuwepo.

"Shukeni, jamani," Twalib alisema bila kumtazama mtu.

Wakashuka, kila mmoja akajitwika alichoweza. Mwamvita, masizi usoni, akamwangalia mumewe, akapiga simu moja fupi, kisha akaanzisha wimbo:

"Mluzi twausikia, mlima hatujaupanda!"

Wenzake wakaitikia kwa vigelegele. Twalib akatamani ardhi ipasuke immeze. Kitanda na kabati vikatafutiwa guta la matairi matatu. Lililobaki ni godoro, nalo Mwamvita alikataza mtu yeyote asiliguse. Akajitwika mwenyewe, akapanda mlima kwa miguu, jasho na masizi vikimchuruzika hadi kwenye kanzu, huku bodaboda zikimpigia honi.

Mlangoni kwa wakwe alijiandaa kwa kicheko. Mama wa bwana harusi akamtokea mikono wazi.

"Karibu, mjomba! Raudha katupigia simu. Kasema kwenu mjomba hakubali godoro la bi harusi lipande gari, hulibeba kichwani mwenyewe mpaka kwa mumewe. Jamani, mila nzuri hiyo! Sie kwetu wajomba wanataka kula pilau tu."

Mila hiyo haikuwahi kuwepo popote. Raudha alikuwa ameitunga pale pale Mwamvita alipompigia simu, akiwa amekaa ndani na hina mikononi, ili mjomba wake asichekwe.

Aibu ya mlimani haikuwa kitu mbele ya hii. Tangu anunue chujio lile, leo ndiyo mara ya kwanza Twalib kutaka kwa moyo wote kusema kweli, na sasa kweli ingemuumbua Raudha kwa wakwe zake. Akalitua godoro, upande wenye masizi akaulaza chini.

"Ndiyo, mama," akasema, macho sakafuni. "Ndiyo mila yetu."