Kiasi cha Chini

Shangazi yangu hajawahi kuchelewa kulipa kadi yake ya mkopo, na hilo ndilo lililokuwa likininyima raha. Angekuwa mtu wa kukwepa, wa kuzima simu akidaiwa, ningepata pa kumlaumu. Lakini yeye hela ya sare za shule anazoshona ikiingia tu, kabla hajanunua hata uzi, anailipa benki, kisha ananipigia: "Meneja, nimeshalipa." Ananiita Meneja. Umeneja wenyewe ni meza moja karibu na mlango wa benki, feni inayonipulizia vumbi la kila anayeingia, na lengo la kadi ambalo bosi hulisoma kwa sauti kila Jumatatu mbele ya wenzangu.

Kadi ile nilimuuzia mimi. Mwezi ule nilikuwa nimebakiza mteja mmoja kufikisha lengo, naye shangazi alikuwa anatafuta mashine ya ovaloki, ile inayokata kitambaa na kufunga pindo kwa mkupuo mmoja. Akaniuliza atalipaje. Nikamwambia, "Benki itakutumia ujumbe, utaona kiasi cha chini. Wewe lipa hicho, hakuna atakayekusumbua." Hapo hakuna neno la uongo, na mimi nimeng'ang'ania hilo kama mwizi anayeng'ang'ania kwamba mlango aliukuta wazi.

Jumamosi moja akanipigia nikiwa nafua. Akasema nije dukani kwake na fomu tatu.

"Za nini, shangazi?"

"Nimekupatia wateja. Njoo upesi kabla hawajabadili mawazo."

Mwezi ulikuwa unakwisha na mimi bado nahangaika. Nilifurahi, jamani. Niliziacha nguo kwenye beseni, nikaoga mbiombio, nikaondoka na fomu zangu kwenye mkoba. Njiani nilikuwa tayari naiona sura ya bosi Jumatatu.

Duka lake ni vyumba viwili. Mbele kuna meza ya kukatia, ubao wa pasi na ile ovaloki, amebandika juu yake kitambaa cha maua kama bibi harusi. Nyuma wanashona wenzake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kwa sababu alikuwa anahangaika kutunga uzi kwenye sindano. Uzi unapita kulia, unapita kushoto. Mwishowe akaninyooshea.

"Hebu nitungie, mwanangu. Macho yamenigomea."

"Si ulisema daktari amekuandikia miwani?"

"Ameandika, ndiyo. Lakini kila nikipanga kuinunua, naona kadi kwanza. Miwani hainidai."

Alisema hivyo kwa furaha kabisa, kama mtu anayesubiri kusifiwa. Cherehani yake ndiyo iliyonisomesha mimi, kuanzia madaftari mpaka chuo. Nikamtungia uzi, nikalikosa tundu mara mbili, akanicheka kwamba na mimi nimezeeka.

"Ila nimekaribia kumaliza, au sio?" akasema. "Nitazamie basi kwenye simu, mimi vile vinamba sivioni."

Nikatazama. Mwaka mzima anajinyima, na deni la mashine limepungua kidogo sana, ni kama hakuna kitu. Juu ya deni hilo kulikuwa na zipu, vifungo na lesi, maana kadi ilikuwa bado inakubali, naye hakuona sababu ya kuikataza. Nikajikausha.

"Mtandao unasumbua, shangazi."

"Basi achana nao. Wateja wako wanasubiri."

Akaelekea mlango wa chumba cha nyuma, akausukuma kidogo. Kule ndani Mama Pacha alikuwa anasema atalipia ada ya wanawe wote wawili kwa pamoja. Yule mwembamba wanayemwita Kimbaumbau akadakia kwamba yeye anataka jokofu, tena kubwa, hata kama cha kuweka ndani hana. Mpiga pasi, aliyekuwa ameketi nao, akawauliza, sasa mtalipaje, mishahara yenyewe ndiyo hii?

Shangazi akamjibu kutoka pale mlangoni, kwa upole ule ule alionao akimfundisha mtu kukata shingo ya gauni.

"Utaona kiasi cha chini. Wewe lipa hicho, hakuna atakayekusumbua."

Maneno yangu. Hakubadili hata moja. Nikamshika mkono, nikamrudisha mezani, nikaurudishia mlango.

"Shangazi, mtandao uko sawa. Nimekudanganya."

Akanitazama. Nikamweleza huku namwangalia mikono, uso sikuuweza. Kwamba kiasi cha chini si kama kodi ya nyumba, ambayo ukilipa umemaliza mwezi. Kile kinachobaki kinawekewa riba, na mwezi unaofuata riba inawekwa tena, na sehemu kubwa ya hela anayotuma inaishia kwenye hiyo riba. Deni lenyewe analidonoa tu.

Akachomoa waya wa pasi ukutani.

"Sasa ilitakiwa nilipeje?"

"Yote, kabla ya siku ya mwisho iliyoandikwa. Ukilipa yote, ulichonunua hakiwekewi riba."

"Na asiye na yote?"

"Alipe kiasi kikubwa kadiri anavyoweza, si kile cha chini. Na asiiguse kadi kununua kingine mpaka deni liishe."

"Na asiyeweza hata hivyo?"

"Asichukue kadi, shangazi."

Akapitisha kiganja juu ya ile ovaloki, akakivuta kitambaa cha maua kikae sawa. Nikamwambia nitamlipia mimi, deni lote, na miwani juu yake, nitajibana.

"Sijakuomba hela," akasema. "Nakuuliza. Siku ile unanipa fomu, haya ulikuwa unayajua?"

"Nilikuwa nayajua."

"Na wewe kadi unayo?"

"Ninayo."

"Unalipaje?"

Ningetoa chochote swali hilo lisiwepo. Nilitazama sakafu, vipande vya kitambaa cha sare vimetapakaa kila mahali, nikavihesabu kwa macho kama mjinga.

"Unalipaje, mwanangu?"

"Nalipa yote," nikasema. "Kila mwezi."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikaa kwenye kiti chake, akainuka tena, akausukuma mlango wa chumba cha nyuma mpaka ukagonga ukuta. Wale wanawake wakageuka wote, Kimbaumbau na tabasamu lake la jokofu, Mama Pacha akiwa ameshashika kalamu.

"Ingia," akaniambia. "Waambie kama ulivyoniambia mimi. Na hilo la mwisho usiliruke."